Kibodi ya Mninga

Mtu mwingine akinunua kompyuta huiwasha, akafanya kazi yake, akaizima, akalala. Mihayo Shigela wa Mkuyuni aliponunua yake alianza kwa kufuta kila kitu kilichokuja ndani. Aliondoa Windows, ule mfumo unaoendesha kompyuta za watu wengi, akaweka mwingine uitwao Linux. Baadaye akaona hata ile Linux imejaa mambo ya watu, akaing'oa, akaweka nyingine tupu kabisa, ambayo ukiiwasha inakupa kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi, basi, mengine utajijua. Kipanya hakuwa nacho. Madirisha kwenye kioo yalijipanga yenyewe, bila alama ya kufungia wala kufungulia, yakisubiri amri alizozitunga yeye na alizozijua yeye. Rafiki yake Otuoma, mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta kule Nyamagana, alikuwa akisema kwamba mwizi akiiba mashine ile atairudisha kwa miguu yake, na radhi ataomba.

"Akili ni nywele," Mihayo humjibu, "kila mtu ana zake." Otuoma, ambaye upara ulimwanza mapema, humtupia kitambaa cha kufutia vioo.

Ila kioja chenyewe kilikuwa kibodi. Ilikuwa vipande viwili, kimoja cha mkono wa kulia na kimoja cha kushoto, vimeachana upana wa mabega na kuinamishwa kidogo kwa nje, ili viganja vikae kama vya mtu aliyeshika bakuli. Vitufe vilipangwa kufuata urefu wa vidole vya Mihayo mwenyewe. Havikuwa na herufi hata moja. Na mwili wake wote ulikuwa mti: mninga mwekundu, uliochongwa na kufukuliwa ndani pakakaa nyaya na betri.

Usidhani yalikuwa maringo. Mihayo aliandika programu za kompyuta, za maduka ya dawa, za shule, za vyama vya akiba, na kwa miaka mingi aliziandika kompyuta ikiwa juu ya stuli na yeye amekaa kitandani, mgongo umepinda, viganja vimekunjwa. Mwili ulinyamaza, ukanyamaza, siku ulipoamua kusema ukasema yote kwa pamoja. Dole gumba lilikufa ganzi. Maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Akashindwa kufunga vifungo vya shati, na siku moja kikombe cha chai kilimponyoka mbele ya mteja, naye hakuhisi kwamba kimeponyoka. Daktari alimwambia mishipa ya fahamu imebanwa kwenye vifundo vya mikono, apumzike. Apumzike! Kana kwamba kupumzika kunatolewa pale kwenye dirisha la dawa.

Ndipo alipojitengenezea kibodi ile. Kila herufi iliyomuumiza kidole aliihamisha. Herufi a, ambayo Kiswahili hakiwezi kupumua bila hiyo, aliiweka chini ya kidole chenye nguvu. Vitufe vya madole gumba alivipa kazi nyingi: ukikigusa kinatoa hiki, ukikikandamiza kinatoa kile, ukikigusa upesi mara mbili kinatoa kingine kabisa. Mpangilio wote huo ulikaa kwenye chipu ndogo ndani ya mti, na kila mwezi aliurekebisha kidogo, hapa akipunguza, pale akiongeza, kadiri vidole vilivyolalamika.

Nao mti ulikuwa wa baba yake. Mzee Shigela alikuwa mchonga ngoma kule Bujora, na alipofariki aliacha gogo moja la mninga ambalo hakuwahi kuligusa kwa tezo. Mihayo, aliyesoma mpaka chuo na hakujifunza kuchonga hata mwiko, alilichukua. Alilichonga vibaya, akaharibu, akaanza upya. Vipande vilipokamilika vilikaa mezani kama ngoma mbili ndogo, na hapo likamjia wazo alilolipenda kupita kiasi. Sitamlaumu, maana hata mimi ningelipenda.

Kompyuta yake ilikuwa imefungwa. Si kufungwa kwa mchezo: diski nzima ilivurugwa kwa hesabu, kiasi kwamba bila neno la siri hakuna fundi wa kuisoma, na hivyo ndivyo alivyotaka. Neno hilo la siri halikuwa neno. Lilikuwa mdundo. Baba yake kila alipomaliza ngoma aliijaribu kwa mdundo uleule mmoja, na Mihayo alikuwa nao mwilini tangu enzi za kubebwa mgongoni. Aliupiga kwenye vile vipande viwili, kulia, kushoto, madole gumba yakikandamiza pale ambapo baba angeiacha ngoma iungurume. Kompyuta ikapokea herufi na alama zilizotokea, zozote zile. Yeye hakuzitazama. Kila asubuhi aliupiga mdundo, mashine ikafunguka, naye akajisikia kweli mtoto wa mchonga ngoma.

"Una nakala ya ule mpangilio wa vitufe?" Otuoma alimwuliza siku moja.

"Ninayo."

"Iko wapi?"

"Ndani ya kompyuta."

Otuoma alimtazama. "Yaani ufunguo wa akiba umeufungia ndani ya nyumba."

"Kuna na diski ya pembeni."

"Nayo umeifunga kwa neno gani?"

Ilikuwa imefungwa kwa mdundo uleule. Mihayo alisema atalishughulikia. Mtu ambaye kutwa anawahubiria wateja wake waweke nakala mahali tofauti! Waliosema mganga hajigangi walikuwa wamekutana na watu wa aina yake, na hakulishughulikia.

Kibodi ya mninga ilimpa muda, haikumponya. Maumivu yalishuka, yakakaa chini, yakamsubiri. Daktari safari ya pili alisema wazi kwamba akiendelea hivyo mikono itamwacha, iwe kibodi ya mti au ya dhahabu. Basi Mihayo akaamua kama mtu aliyebakiwa na mafuta kidogo kwenye taa. Mikono iliyosalia ataitumia kuandika programu moja ya mwisho, programu ya kufanya mikono isihitajike tena. Aliiita Msikivu. Yeye ataongea, Msikivu ataandika. Ataongea Kiswahili chake hikihiki cha Kisukuma, kinachobadilisha r na l bila aibu, maana programu alizokuwa amejaribu zilimsikiliza kama karani mwenye kiburi, kila neno zikimwandikia jingine.

Miezi na miezi alijirekodi akitamka: mabano, nukta, mkato, shuka mstari. Jirani aliyemsikia kupitia ukutani akisema "funga mabano, funga mabano, rudi nyuma" alikwenda kumwuliza mama mwenye nyumba kama kijana yule yuko salama. Na Msikivu alianza kusikia. Siku ya kwanza alipoandika sentensi nzima bila kukosea Mihayo alipiga kelele peke yake chumbani. Akaacha kazi za wateja. Akaandika ukurasa kwa siku, halafu nusu ukurasa, mikono ikiingia kwenye beseni la maji ya barafu kabla na baada. Ilibaki sehemu ndogo. Msikivu akikamilika, Mihayo angefanya kazi maisha yake yote kwa mdomo. Asipokamilika, Mihayo hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala hakuwa na mikono ya kuanza upya.

Hapo ndipo mama yake alipokuja. Hakuitwa. Mihayo alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba siku hizi ndoo ya maji anabebewa na jirani, akidhani amesema jambo dogo. Kesho yake mama huyo, Dorotea, akawa mlangoni, ametoka Bujora na chupa ya soda iliyojaa samli, imezibwa kwa gunzi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanawane. Lete mikono."

Hakutaka kujua ugonjwa unaitwaje. Alimkalisha kwenye stuli, akapasha samli, akamkanda kidole kwa kidole mpaka kwenye viwiko, huku akinung'unika kwa Kisukuma juu ya kazi hii ya kukaa kivulini inayolemaza watu kuliko jembe. Mihayo alisinzia palepale alipokaa. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa ameishika mikono ile isipokuwa kwa kuipima, na alipozinduka alikuta macho yake yana machozi, akajifanya ni moshi wa jiko.

Kisha mama akaviona vipande vya mninga mezani. Alivijua kabla ya kuambiwa.

"Hili ni gogo la baba yako."

"Ndilo."

Alipitisha kiganja juu yake polepole. "Umeliacha likauke," alisema.

Sasa, kuna jambo la nyumba ile ya Bujora. Kwa kina Shigela mwanamume huchonga, lakini kuupaka mti samli ni kazi ya mwanamke wa nyumba. Kabla ya msimu wa ngoma Dorotea alikuwa akizitoa zote nje, anaziosha kwa maji ya moto na sabuni ili vumbi litoke, kisha anazipaka samli ya moto mpaka mti ukatae kunywa. Haombi ruhusa. Mwenye ngoma naye hasemi asante wala hasemi lolote. Anaikuta imepakwa, anaipiga. Hivyo ndivyo mama yule alivyompenda mumewe, na sidhani kama walikuwa na namna nyingine. Mihayo aliyajua hayo yote tangu utotoni. Na bado asubuhi iliyofuata aliizima kompyuta, kama alivyoizima kila alipotoka, akaichomeka kibodi kwenye chaji, akaenda zake mjini kwa Otuoma kuchukua maikrofoni iliyokuwa ikitengenezwa. Hakumwambia mama yake neno.

Aliporudi, harufu ya samli ilimpokea tangu chini ya kilima. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Juu ya jiwe kubwa lililo mbele ya nyumba, juani, juu ya kanga iliyokunjwa, vililala vipande viwili vya mninga. Viling'aa. Wekundu wa mti ulikuwa umetoka kama Mihayo asivyowahi kuuona, kila mshipa wa mti umeonekana, na katikati ya vitufe maji yalikuwa bado yakichuruzika kwenye kanga.

"Ile kamba yake ilitoa moshi kidogo nilipokuwa naosha," mama alisema bila kuinua macho, "nikaichomoa."

Hakusema zaidi. Alikuwa anangoja kile ambacho mumewe alimpa miaka yote, yaani kimya. Mihayo alisimama pale na maikrofoni mkononi. Alitaka kupiga yowe, akataka kumwuliza mwanamke huyu ni nani aliyemtuma. Akamtazama vidole vyake, vimevimba kwa kusugua, samli ikiwa bado kwenye kucha. Akaviokota vipande vyake, akaingia ndani. Mama akaendelea kuchambua mchele, ameridhika.

Kesho yake Otuoma alipoifungua kibodi ile dukani alianza kucheka.

"Mzee, nani kaikaanga?"

"Mama."

Kicheko kikafia palepale. Aliisafisha kwa spiriti, akaangaza kwa taa, akachokoa. Chipu ilikuwa nyeusi. Nyaya zilikuwa nzima, vitufe vingepona, chipu mpya angeitia kwa lehemu kabla ya chakula cha mchana. Ila chipu mpya haijui kitu. Mpangilio aliouhangaikia Mihayo kwa miaka ulibaki ndani ya kompyuta na kwenye ile diski ya pembeni tu, nyuma ya mlango ambao ufunguo wake ni mpangilio wenyewe.

"Tutaukumbuka," Otuoma alisema. "Wewe ndiye uliyeupanga."

Walijaribu. Mihayo aliandika sentensi hewani na Otuoma akaangalia kidole gani kinakwenda wapi, na kwa njia hiyo herufi zote walizipata. Lakini vile vitufe vya madole gumba, vya kugusa na kukandamiza, vilikuwa vimerekebishwa mara nyingi mno, na mdundo wa baba ulitegemea hasa hivyo. Kukandamiza kwa muda gani ndiko kulikotoa alama ile na si hii? Mihayo hakuwahi kujua. Vidole vilijua. Alipiga mdundo, kompyuta ikakataa. Wakabadilisha, akapiga, ikakataa. Wakabadilisha tena.

Otuoma akaleta wazo la kuipiga picha mikono kwa simu, ili waone inachofanya. Hilo ndilo lililomaliza mambo. Mwambie mtu anayeshuka ngazi atazame anavyokanyaga, ataanguka. Vidole vya Mihayo, vilipojua vinatazamwa, vikaanza kusitasita; akavilazimisha; na kila alipovilazimisha vilijifunza kitu kipya, cha uongo. Alirudi siku baada ya siku. Aliacha kula vizuri. Mikono ilivimba mpaka saa ikawa haivaliki.

"Acha, kaka," Otuoma alimwambia mwishowe, kwa sauti ya chini kwa sababu kulikuwa na wateja. "Kila ukiupiga unaupoteza."

Mihayo alijua ni kweli, akaupiga tena. Na mara hii, kabla hata kompyuta haijakataa, alisikia mwenyewe kwamba umekosewa, na hakujua umekosewa wapi. Akajaribu kuupiga juu ya goti, kama utotoni. Ulikuja mwingine. Akajaribu kuuimba. Haukuja kabisa; zilikuja zile namna zote alizojaribu, zote zinafanana, na ya baba haikuwemo. Akaketi sakafuni nyuma ya kaunta, katikati ya maboksi ya simu, akalia kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Otuoma alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akakaa naye.

Siku zilizofuata Otuoma alijitolea kumwandikia Msikivu upya. "Wewe sema, mimi niandike." Wakaanza. Lakini rekodi za sauti zilikuwa zimezama na diski, na Mihayo aligundua kwamba hata programu yenyewe hakuwa nayo kichwani, alikuwa ameiandika kipande kwa kipande akiwa na maumivu, na maumivu hayaachi kumbukumbu nzuri. Wateja wa simu wakaanza kunung'unika kwa kungoja. Wakaacha. Mihayo alimwambia rafiki yake aifute ile diski ya kompyuta, aiuze, na Otuoma hakuifuta. Aliiweka kwenye droo na kumdanganya.

Mama alikuwa amesharudi Bujora, hajui lolote. Mihayo alibaki kwenye duka la Otuoma, akipokea simu zilizovunjika vioo na kuwaambia watu warudi jioni. Na kwa kuwa hakuandika tena, mikono ilianza kupona. Ganzi iliondoka. Akaweza kufunga vifungo. Siku moja alibeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka nyumbani, jirani akapiga vigelegele, naye alipoitua chini alijisikia vibaya kuliko siku aliyoshindwa kuibeba. Jioni ileile alijaribu kuandika kidogo kwenye kompyuta ya dukani. Kabla ukurasa haujaisha moto ulikuwa umeshapanda kwenye viwiko. Mikono ilikuwa imepona kwa kila kitu isipokuwa kazi aliyoitaka.

"Inaendeleaje mikono?" mama aliuliza kwenye simu.

"Haiumi tena, mayu."

Upande wa pili alisikika akimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akiwaita watu.

Msimu wa ngoma ulipofika mama alimwagiza aende Bujora, na Mihayo akaenda, maana hakuwa na sababu ya kukataa. Alikuta uani ngoma zimetolewa nje, zimepakwa, na majirani wamekaa. Mama alimshika viganja, akaviinua mbele ya watu kama mtu anayeuza ndizi nzuri.

"Hii mikono ilikuwa haishiki kijiko," alisema. "Madaktari wa mjini walishindwa. Nilimkanda kwa samli, nikaupaka na mti wa baba yake anaofanyia kazi. Tazameni sasa!"

Watu wakatazama. Mzee Machibya, aliyecheza ngoma na marehemu Shigela tangu ujana wao, alimgeuza vidole, akavibonyeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Basi kama imepona," alisema, "tupigie ule mdundo wa baba yako. Tangu amezikwa hatujausikia."

Wakamsogezea ngoma. Mihayo alimtazama mama yake, naye mama alikuwa anamtazama kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona usoni mwake tangu mazishi. Aliweka mikono juu ya ngozi. Akapiga.

Ulitoka ule wa dukani, uliovunjika. Aliusikia kwa mara ya kwanza ukipigwa kwa sauti kubwa, na aliendelea nao hadi mwisho kwa sababu hakujua pa kuachia. Hakuna aliyecheka. Mzee Machibya aliangalia pembeni. Majirani wakaanza kuongea juu ya mvua.

Furaha ya mama iliondoka usoni polepole. Aliinuka akaingia ndani, akarudi na chupa ya samli, akavuta kigoda akakaa mbele ya mwanawe, magoti kwa magoti.

"Kumbe bado," alisema kwa upole. "Mbona ukaniambia imepona? Lete."

Mihayo akampa mikono.